Tromboni ya besi na piano: sauti ya nne inapotoka mbele

"Shikamoo mwalimu. Nasoma muziki katika chuo kimoja hapa Dodoma na chombo changu ni tromboni ya besi. Nilianzia kwaya ya matarumbeta kanisani kwetu, miaka yote nikiwa sauti ya nne. Mwezi wa nane natakiwa kufanya onyesho la kumalizia masomo, tromboni ya besi na piano, la kama saa moja. Dada anayenisindikiza ndiye anayepigia kwaya ya vijana kinanda. Kila anayekuja kutusikiliza mazoezini anasema sauti ni nzito, imejaa ukumbi, lakini wimbo hausikiki. Nikiongeza nguvu ndiyo mambo yanaharibika kabisa. Piano ya chuo nayo imeshuka. Nipige nini, na nifanyeje watu wauelewe muziki? Halafu nina wasiwasi na ndugu zangu watakaokuja kunituza katikati ya wimbo." Mpulizaji, Nkuhungu.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufikia onyesho la kumalizia.

Wasikilizaji wako wameshakupa nusu ya jibu. Wakikwambia ukumbi umejaa lakini wimbo hausikiki, wanasema sauti unayo, tena imezidi. Kinachokosekana ni kueleweka. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya kuanzia leo, kuanzia nyimbo utakazochagua hadi mahali utakaposimama, upime kwa jambo moja: je, mtu aliyekaa kiti cha mwisho ataweza kuondoka akiuimba wimbo uliompigia?

Kwenye kwaya ya matarumbeta hukuwahi kuulizwa hivyo. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, wewe unashika chini, na waumini wanakuhisi zaidi kuliko wanavyokusikiliza. Kazi hiyo ni ya heshima, na tromboni imeifanya kwa mamia ya miaka makanisani Ulaya kabla wamisionari wa Kijerumani hawajaileta kwetu. Lakini ndiyo sababu pia muziki ulioandikwa hasa kwa tromboni ya besi peke yake na piano ni mchache, na sehemu kubwa yake ni ya karne ya 20. Umezoeshwa kubeba wengine. Sasa unatakiwa kusema wewe mwenyewe, na ustadi huo ni tofauti.

Tuanze na sikio. Noti ya chini kabisa unayoipata slaidi (lile bomba la kuvuta kwa mkono) ikiwa imefungwa na bila kubonyeza valvu, B flati ya pedali, ina mitetemo takriban 58 kwa sekunde. Sikio la binadamu halishiki vizuri mtetemo wa chini namna hiyo. Linaitambua noti kwa kusikia zile sauti ndogo zinazokaa juu yake, za mitetemo 116, 175, 233 na kuendelea. Ukipuliza kwa mdomo uliolegea na hewa iliyotawanyika, unatoa mngurumo mkubwa wenye sauti chache za juu, na ukumbi wa sakafu ya saruji unaupokea mngurumo huo na kuuzungusha. Ukiongeza nguvu unaongeza mngurumo. Ndiyo maana mambo yanaharibika.

Dawa ya kwanza iko kwenye mwanzo wa noti. Msikilizaji anajua wimbo umepanda au umeshuka kwa kusikia noti inapoanza, kwa hiyo ulimi wako lazima ugonge wazi, hasa kuanzia F ya chini kushuka. Watu wengi huko chini hulainisha ulimi wakidhani ndiyo uungwana. Fanya kinyume: kadiri unavyoshuka, ulimi uwe wazi zaidi na noti iwe fupi kidogo kuliko ilivyoandikwa, ili mwangwi wa ukumbi umalizie. Zoezi langu ninalolipenda ni kuimba kipande kizima kwa sauti yako mwenyewe ukitamka "da" na "ta", kisha kukipiga kwa nusu ya nguvu uliyoizoea. Nusu kweli. Mpigaji wa besi anayeweza kupiga kwa upole akaeleweka ndiye atakayeeleweka akipiga kwa nguvu.

Hapa niseme neno kuhusu chombo chenyewe, kwa sababu kinaamua nyimbo zako. Tromboni ya besi ya leo ina urefu uleule wa bomba kama tromboni ya tena, ile ya kawaida yenye bomba jembamba: takriban mita 2.7. Tofauti ni upana wa bomba na wa mdomo wa mbele, pamoja na valvu. Valvu ya F ilibuniwa na Christian Friedrich Sattler wa Leipzig mwaka 1839. Ukiibonyeza bomba linarefuka, na slaidi yako yenye nafasi 7 inabaki na nafasi 6 tu zinazofikika. Matokeo yake noti moja inapotea: B ya chini isiyo flati, iliyo juu tu ya B flati ya pedali. Valvu ya pili iliongezwa kuziba pengo hilo. Vyombo vingi vinavyofika kwenye makwaya yetu kama msaada vina valvu moja. Kama chako ndivyo kilivyo, pitia kila wimbo kabla ya kuukubali ukiitafuta B hiyo. Ikitokea mara moja tu, unaweza kuvuta bomba dogo la valvu hadi literemke kwenye E na ukaipata. Ikitokea kila ukurasa, achana na wimbo huo bila kujilaumu.

Sasa tufike kwenye mkono wa kushoto wa dada yako wa piano. Hapo ndipo naamini tatizo lenu kubwa lilipo.

Noti mbili zilizokaribiana zikipigwa juu kwenye piano, sikio linazitenganisha bila taabu. Zipige hizohizo chini kabisa, zinakwaruzana na kuwa ngurumo moja. Wewe unaishi huko chini, na mkono wake wa kushoto unaishi hukohuko. Mkiwa wote wawili mna nguvu, hakuna anayesikika. Mpiga kinanda wa kwaya, kwa kazi yake, amezoea kujaza chini ili waimbaji wasipoteze sauti. Kwako kujaza huko kunakuzika.

Namna ya kurekebisha inategemea aina ya muziki. Kama kipande ni koncheto, yaani muziki wa mpigaji mmoja na okestra, piano inapiga muhtasari wa okestra, na mkono wa kushoto mara nyingi umeandikiwa noti mbili za jina moja zilizopishana oktavu kwa sababu kwenye okestra chelo na dabo besi huenda pamoja. Hapo mna ruhusa ya kuacha noti ya chini ya oktavu na kubakiza ya juu. Wapiga piano wenye uzoefu hufanya hivyo kila siku. Kama ni sonata, piano imeandikiwa sehemu yake kwa makusudi, kwa hiyo msipunguze noti. Punguzeni uzito, na hasa mguu. Pedali ya kulia ikishikiliwa chini ya wimbo wako, kila noti yake inabaki hai juu ya noti yako inayofuata. Mwombe apige kipande kizima mara moja bila pedali kabisa, kisha airudishe mahali pale tu mnapokubaliana kwamba panakauka mno.

Kuna jambo jingine linalowaponza wapuliza besi wengi, nalo ni kushusha oktavu ili kuonyesha uwezo. Chukua sonata za Johann Ernst Galliard, zilizochapishwa London mwaka 1733 kwa ajili ya fagoti au chelo. Zinafaa sana kufungulia onyesho. Mkono wa kushoto wa piano unapiga msingi, na wimbo wako unatembea juu yake, mara nyingine ukigusana nao. Ukishusha mstari wako oktavu moja unapita chini ya msingi, na noti yako inageuka kuwa msingi mpya. Noti ni zilezile lakini mpatano umebadilika: pale palipotakiwa kutulia panabaki pananing'inia, na mpiga piano anajiona amekosea wakati hajakosea. Zipige zilivyoandikwa. Sauti yako nene itasikika kuwa ya tromboni ya besi hata ukiwa katikati ya ngazi.

Kwa hiyo kaeni chini na penseli, nota ya piano mbele yenu wote wawili (nota ya piano, maana karatasi yako wewe haionyeshi chochote kuhusu yeye). Kila kipimo (kisehemu kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) mjiulize: hapa nani yuko chini kabisa? Kama ni piano, wewe ni mwimbaji, na unaweza kuchelewesha kidogo au kusukuma, naye atakufuata. Kama ni wewe, basi wewe ndiye msingi, na msingi hauyumbi; hapo uhuru ni wake. Mabadiliko hayo hutokea mara nyingi katika ukurasa mmoja, na mkiyaweka alama mtashangaa mivutano yenu mingi ya kasi inavyokwisha.

Mazoezi yenyewe yawe hivi. Pigeni polepole, wewe na mkono wa kushoto peke yake. Kisha wewe na mkono wa kulia peke yake. Kisha yeye apige mikono yote huku akiimba sehemu yako, nawe ukae umesikiliza. Utajua papo hapo ni wapi haelewi unakoelekea. Pumzi zako zote ziandikwe kwenye nota yake. Tromboni ya besi inakula hewa nyingi kuliko chombo kingine chochote ulichowahi kupuliza, na mpiga piano asiyejua utapumua wapi atakukuta njiani. Ni bora kuongeza pumzi moja mahali pa wazi kuliko kufika mwisho wa sentensi noti ikitetemeka.

Usiamini sana simu kwa kurekodi, kwani maikrofoni yake hupunguza sauti za chini na itakudanganya kuwa kila kitu ni safi. Mwite mtu asiyejua wimbo, akae nyuma kabisa, kisha mwombe akuimbie alichosikia. Akiimba sehemu ya piano badala ya yako, mnajua pa kurudi.

Kuhusu piano iliyoshuka. Kwanza pima imeshuka kiasi gani, kwa programu ya kupimia noti kwenye simu. Wanamuziki hugawa nusu-toni moja katika senti 100. Kama A ya katikati inasoma 432 badala ya 440, piano iko chini kwa kama senti 32, karibu theluthi moja ya nusu-toni. Hiyo unaifuata: vuta bomba kubwa la kutunia nyuma ya kichwa kama sentimita 2.5, na bomba la valvu ya F karibu sentimita 1, kwa sababu valvu isipovutwa noti zako za valvu zitabaki juu peke yake. Kisha pandisha na kushusha ngazi polepole, maana kila nafasi ya slaidi nayo imesogea mbele kidogo. Kama imeshuka hadi nusu-toni nzima, tafuteni chombo kingine.

Wala msikubali fundi aje siku moja kabla na kuipandisha yote kwa mkupuo. Nyuzi za piano kwa pamoja zina mvuto unaozidi tani 15, na ukizikaza ghafla baada ya kulegea miaka mingi, nyingine hukatika na zilizobaki zitaanza kushuka tena kabla hujamaliza wimbo wa pili. Apandishe mapema, mwezi au zaidi kabla, arudi tena baada ya wiki kadhaa, kisha aje kumalizia siku moja au mbili kabla ya onyesho. Mwezi wa nane Dodoma ni kiangazi kikavu. Ubao wa sauti ndani ya piano unakauka na kusinyaa, na piano hushuka; mvua za Desemba zikija hupanda tena. Kwa sababu hiyo iondoeni kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana, ifunikwe, na kazi ya fundi ifanyike ikiwa mahali palepale itakapopigwa.

Tromboni nayo inaenda kinyume. Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka zaidi na noti hupanda, kwa hesabu ya karibu senti 3 kwa kila nyuzijoto 1, ingawa pumzi yako ya moto ndani ya bomba hupunguza tofauti hiyo. Ukitunia saa mbili asubuhi kwenye ubaridi wa Agosti, kisha ukapiga saa kumi jioni chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa, wewe utakuwa juu na piano itakuwa palepale. Fanyeni angalau mazoezi mawili ya mwisho kwenye ukumbi wenyewe, saa ileile ya onyesho. Mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 usikutie hofu, haubadilishi noti.

Usisahau vumbi. Upepo wa kipindi hicho unaingiza vumbi laini kila mahali, na slaidi yenye vumbi inakwaruza kisha inakwama. Futa mirija ya ndani kila siku kabla ya kuweka mafuta, na chombo kisilale wazi kwenye kiti hata kwa dakika tano. Midomo nayo inapasuka. Kunywa maji, jipake mafuta ya mgando usiku, lakini uyafute vizuri kabla ya kupuliza, maana mdomo unaoteleza hauwezi kushika noti za juu.

Sasa nyimbo. Saa moja ya ratiba isiwe saa moja ya kupuliza. Muziki wenyewe dakika 40 hadi 45 zinatosha kabisa, mengine ni maelezo, mapumziko ya midomo na makofi.

Ningefungua na Galliard, kama nilivyosema. Kisha ningeenda kwenye nyimbo zilizoandikwa kwa ajili ya sauti ya besi ya binadamu, na hili nakusihi ulifikirie kwa uzito, kwa sababu wewe ni mtu wa kwaya. Sauti ya besi inapoimba mbele ya watu, mtunzi tayari ameshaitatulia shida yako: ameacha nafasi chini ili maneno yasikike. Katika opera ya Mozart "Die Zauberflöte" ya mwaka 1791 kuna sala ya kuhani Sarastro, "O Isis und Osiris", ambayo Mozart mwenyewe aliisindikiza kwa tromboni miongoni mwa vyombo vingine. Ni fupi, ni ya taratibu, na inashuka hadi F ya chini ambayo unaipata nafasi ya 6, au nafasi ya 1 ukibonyeza valvu. Chukua ya valvu, ili mstari usikatike kwa kurusha slaidi mbali.

Baada ya hapo, Johannes Brahms. Mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, aliandika nyimbo nne kwa sauti ya besi na piano, "Vier ernste Gesänge", maneno yote kutoka Biblia. Wapuliza tromboni ya besi wamezifanya kuwa zao, na kwa hadhira ya Dodoma sioni kitu kinachofaa zaidi. Ya kwanza na ya pili zimetoka Mhubiri 3 na 4, ya tatu Yoshua bin Sira 41, ya nne 1 Wakorintho 13. Mtu asimame asome aya kwa Kiswahili kabla ya kila wimbo, na watu watasikia maneno ndani ya tromboni yako hata bila mwimbaji.

Usipige zote nne. Chagua ya tatu na ya nne. Ya kwanza ina sehemu za kasi zinazomtesa mpiga piano; ya tatu ni ya taratibu na mikono yake ina nafasi ya kupumua. Itazame kwa karibu jinsi inavyoanza: B, G, E, C, kila noti ikishuka kutoka kwa mwenzake, kama mtu anayeteremka ngazi asizotaka kuzishuka. Maneno ni ya mtu anayekiambia kifo jinsi kilivyo kichungu kwa aliyeshiba na kustarehe. Kosa la kawaida ni kuzipiga noti hizo nne kwa uzito sawa. Ziambatanishe kwa pumzi moja, ulimi mwepesi, na usiongeze nguvu unaposhuka. Uzito upo tayari kwenye muziki. Kisha sikiliza nusu ya pili, maneno yanapogeuka kusema kifo ni chema kwa mnyonge aliyechoka: muziki unahama kutoka E maina, yenye giza, kwenda E meja, yenye mwanga, na pale pale sauti yako inatakiwa ing'ae bila kuwa kubwa zaidi. Mkifanikisha ukurasa huo mmoja, mtakuwa mmejibu swali lako lote.

Utahitaji pia kipande kilichoandikwa kwa ajili ya chombo chako, na walimu wako watakitaka. Alec Wilder wa Marekani aliandika sonata ya tromboni ya besi na piano yenye ladha ya jazi, nayo ningeitazama kwanza. "New Orleans" ya Eugène Bozza, ya mwaka 1962, ni nzuri sana na ni ngumu kwenu wote wawili. Iacheni kama dada hajazoea midundo ya namna hiyo, kwa kuwa kipande kigumu mno kwa mpiga piano ni kigumu mno kwa onyesho. Sonata ya Hindemith ya mwaka 1941, ambayo wengi watakutajia, ni ya tromboni ya tena, na piano yake ni mzigo mkubwa.

Na cha mwisho kiwe cha hapa nyumbani. Fanya jaribio hili usiku wa leo. Bonyeza valvu ya F, funga slaidi kabisa, usiisogeze, kisha panda kwa midomo peke yake kuanzia F ya katikati: utapata F, A, C, halafu noti inayofanana na E flati lakini iko chini yake, kisha F na G. Hizo ni sauti ya 4 hadi ya 9 katika mlolongo wa asili wa bomba lako. Sasa tafuta rekodi za Hukwe Zawose, mwana wa Wagogo aliyefariki mwaka 2003, usikilize ilimba (chombo cha vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze na uimbaji wake. Ni ukoo mmoja wa noti. Wataalamu wa muziki wa Afrika, akiwemo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba ngazi ya Wagogo imejengwa juu ya mlolongo huohuo. Chombo chako kinaijua ngazi hiyo bila kusogeza mkono, wakati piano iliyo mbele yako haiijui.

Hapo ndipo penye kazi. E flati ya piano iko juu ya ile yako ya asili kwa kama senti 31. Mwalimu wa okestra atakwambia uirekebishe noti yako ilingane na piano, na kwenye Brahms yuko sahihi kabisa. Kwenye wimbo wa Kigogo usiirekebishe. Mwambie dada asiiguse E flati mahali popote katika kipande hicho. Apige F na C tu, kwa midundo, juu kidogo ya katikati ya piano, mkono wa kushoto ukishika mwendo wa ngoma, na ile E flati yako ya asili ibaki peke yake hewani ilivyo. Watu waliokulia Chamwino, Bahi au Mvumi wataitambua mara moja. Ukichukua wimbo wa kikundi fulani, nenda ukawaombe, na jina la kikundi na kijiji chao liandikwe kwenye ratiba kwa herufi za ukubwa uleule na za Brahms.

Kupanga ukumbi ni jambo la nusu saa. Kama piano ni ya kusimama, itoeni ukutani, kwani sauti yake inatokea mgongoni, na muigeuze kiasi kwamba dada anakuona bega na kifua bila kugeuza shingo. Pumzi yako ndiyo ishara yake ya kuanza. Simama pembeni yake, stendi ya nota iwe chini na upande wa kulia wa mdomo wa tromboni, usipulizie karatasi. Acha nafasi mbele ya slaidi ikiwa imevutwa hadi mwisho. Ukumbi mtupu unavuma kuliko ukumbi wenye watu, kwa hiyo mazoezini mtasikia mvumo mwingi kuliko siku yenyewe, msiogope hata kidogo. Kama mtalazimika kutumia piano ya umeme, isitegemee spika zake ndogo, na mjue mapema jenereta inawashwa na nani.

Kuhusu ndugu zako na tuzo. Usiwazuie, maana wanakuja kwa upendo, na kumtuza mpigaji ni heshima tuliyolelewa nayo. Ila mtu akija kukubandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso katikati ya wimbo wa tatu wa Brahms, pumzi yako imekwisha na slaidi inaweza kumgonga. Zungumza na mshereheshaji mapema. Aeleze mwanzoni, kwa lugha nzuri, kwamba nyimbo za Biblia zinasikilizwa kimya hadi wapigaji washushe mikono, na kwamba wimbo wa mwisho ni wa wote. Hapo vigelegele viruhusiwe na kapu liwekwe mbele ya jukwaa, upande wa piano, ili dada naye atuzwe. Kipande hicho kipangeni kiwe na sehemu inayorudiwa ambayo mnaweza kuizungusha mara nyingi mnavyotaka, kwa sababu shangazi zako hawatakuja mmoja mmoja.